Maziwa ya Tausi Yalipokataa Kuganda

Mke wangu Mwelu ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, lakini ukimsikia akimtaja utadhani ana zizi zima. Jina lake Tausi. Ni chotara, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na hapa kwetu Marungu, ambako jua halimwonei mtu huruma, ng'ombe wa aina hiyo hulelewa kama mtoto wa shule ya bweni. Kila wiki anahitaji kitu.

Mwezi wa nane kiwele chake kilivimba upande mmoja. Daktari wa mifugo akaja na pikipiki yake, akamdunga Tausi sindano ya penisilini, kisha akamwingizia dawa ya jamii hiyo hiyo kwenye chuchu kwa vibomba vidogo vya plastiki. Akamwachia Mwelu vibomba vingine vya kuendelea navyo. Alipokuwa akifunga mkoba akasema, "Mama, maziwa haya asiyanywe mtu. Hata yanayotoka kwenye chuchu nzima. Mwaga mpaka nikwambie."

Mwelu aliitikia kwa adabu zote. Akawapigia simu wateja wake, mwenye hoteli kando ya barabara na walimu wa shule ya msingi, akawaambia Tausi yuko likizo. Jirani yetu Katuku alipokuja asubuhi na jagi lake, aliambiwa langoni, "Namwaga yote, dada yangu. Daktari amekataza."

Ni kweli hakuuza hata kikombe kimoja. Lakini kumwaga, hakumwaga. Alikamua zile chuchu ambazo hazikuvimba, akayachemsha maziwa mara mbili, tukanywa chai.

"Nimwage chakula na ukame huu?" aliniambia. "Mteja akiugua atanipeleka kwa chifu. Sisi wa nyumbani tutamshtaki nani? Tena moto unaua kila kitu."

Nilikunywa. Sikupata hata kikohozi. Mtu akinywa kitu alichokatazwa na kisimdhuru, hujiona ana akili kuliko aliyemkataza, na kwa siku chache mimi nilitembea hapa uani nikijiona hivyo.

Ndipo akaja Phanice.

Phanice ni mke wa mwanetu Muasya. Wazazi wake walitoka magharibi, babake akafanya kazi ya reli, naye akalelewa Voi mjini, ambako mamake, Mable, bado anauza vitenge karibu na soko. Muasya huendesha magari ya watalii huko mbugani, na wiki hiyo alikuwa na safari ndefu. Alikuwa ametuomba kipande cha shamba ajenge, wahamie huku. Mwelu alikuwa ameliombea jambo hilo kanisani, nyumbani na njiani. Lililobaki ni Phanice kukubali, naye alikuwa amesema, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba kwanza atakuja kukaa kidogo aone kama ataweza kuishi na mama mkwe. Kwa hiyo ziara hiyo ilikuwa mtihani, na Mwelu alijua ndiye anayetahiniwa.

Mgeni alishuka akiwa ameshika shavu. Gego lilikuwa limemwoza, na alikuwa amepangiwa kuling'oa Voi Jumatatu.

"Siwezi kutafuna, mama," alisema. "Labda uji tu."

Uso wa Mwelu uling'aa kama aliyeshinda bahati nasibu. "Uji? Uji wa maji hunywewa kwa wasio na ng'ombe. Keti, mwanangu. Tausi yupo."

Nilimtazama mke wangu. Naye akanitazama kwa lile jicho ambalo mume wa miaka mingi hulielewa bila mkalimani. Nikatafuta jembe langu, nikaenda zangu kwenye mihogo.

Phanice akapewa uji wa maziwa. Kabla jua halijaegemea mlima Sagalla alikuwa anajikuna mikono. Kesho yake, baada ya chai na uji mwingine, vilimtoka vivimbe shingoni na tumboni, vyekundu, vipana, vya kuwasha, kama aliyelala na upupu.

"Ni kiwavi," Mwelu aliamua. "Umeegemea ule mti wa nyuma ya choo."

"Sijafika nyuma ya choo, mama."

"Basi ni blanketi."

Blanketi likafuliwa. Shuka zikafuliwa. Nusura mimi mwenyewe nifuliwe. Vivimbe vikapungua saa chache, kisha baada ya uji vikarudi upya. Phanice alijipaka mafuta bila kulalamika, lakini nilimwona akimwandikia mumewe ujumbe kwenye simu, na haukuwa mfupi.

Jambo la pili likatokea Ijumaa. Jumapili Mwelu alikuwa amewaalika akina mama wa kanisa, na akina mama hao huja hasa kwa ajili ya mala yake, maziwa ya kuganda. Alikuwa amejaza kibuyu chake tangu Jumatano, kile kilichofukizwa vizuri kwa moshi wa kijinga cha moto, na mala ya Mwelu haijawahi kuhitaji zaidi ya siku mbili. Akakifungua, akamimina. Yakatoka maziwa. Membamba, meupe, hayajaganda wala hayajachacha, kana kwamba yamekamuliwa asubuhi ile.

"Maajabu," alisema. Akaongeza kijiko cha mala ya zamani iliyobaki, akafunga. Jumamosi, vilevile.

Katuku, ambaye hakosi penye jambo, alikuwa amekuja kuazima ungo. Alichungulia kibuyu, akachungulia kuelekea chumba cha Phanice, akashusha sauti kidogo tu, kiasi cha kusikika nyumba nzima.

"Mama Muasya, haya hayajawahi kukukataa. Ni nini kipya hapa nyumbani?"

"Hakuna kipya."

"Hakuna?"

Laiti Mwelu angeishia hapo! Lakini aliona aibu ya kesho mbele ya akina mama wote, kibuyu mkononi, na akasema, "Labda ni jicho baya. Watu wengine huja na jicho na wenyewe hawajui."

Nilikuwa mlangoni. Phanice alikuwa dirishani. Katuku akauchukua ungo aliokuja kuazima, akaondoka akiwa ameshiba maneno.

Phanice alitoka, macho yakiwa yamelowa, mashavu mawili hayalingani kwa sababu ya jino. "Baba," aliniambia mimi, hakumwambia Mwelu, "kesho naomba nirudi kwa mama Voi. Nitamweleza Muasya kuwa nilijaribu."

"Subiri mpaka tutoke kanisani, mwanangu," nilimwambia. "Mtu haondoki nyumbani na neno la jirani kichwani."

Asubuhi ya Jumapili Mwelu alijutia maneno yake, ila kinywa chake hakijazoea kuomba radhi, hivyo mikono ndiyo iliyoomba. Alimletea Phanice kikombe kikubwa cha maziwa ya moto, kile cha wageni chenye maua. Alikinyoosha tu. Phanice naye, mtoto aliyelelewa vizuri, alielewa kikombe hicho kina maana gani. Akakipokea kwa mikono miwili, akakinywa chote, akasema, "Asante, mama."

Yalikuwa mapatano mazuri sana. Hayakudumu hata muda wa kuvaa viatu.

Phanice aliniita kutoka sebuleni na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya mtu mwenye kitambaa kooni. Midomo imevimba, macho yamekuwa vijipenyo, na alikuwa anavuta pumzi kwa mlio. "Baba... koo," alisema.

Mume wa Katuku ana pikapu, na hili ndilo jema ninaloweza kusema juu ya nyumba ile. Tukampakia Phanice mbele, Mwelu akambana ubavuni, mimi nikaruka nyuma na magunia. Sikuwa nimeruka kitu tangu nistaafu. Njiani nilimpigia Mable simu, nikipiga kelele juu ya upepo: "Tukutane hospitalini Voi! Mtoto amevimba!"

Hospitalini alitupokea afisa wa kliniki, dada mmoja mwembamba aitwaye Tryphena, kama kibandiko cha kifuani kilivyosema. Alimtazama Phanice mara moja tu, akamlaza, akainua miguu yake, na kabla sijamaliza kujitambulisha alikuwa na sindano mkononi.

Phanice akaiona. Akatikisa kichwa kwa nguvu zote zilizobaki. "Sindano hapana," alisema kwa mkwaruzo. "Zinanikataa. Nipe tembe."

"Sindano gani ilikukataa?"

"Zote. Mama alisema."

"Hii ni adrenalini," Tryphena alisema, bila hasira na bila kupunguza mwendo. "Mwili wako wenyewe huitengeneza kila siku ukishtuka. Inafungua koo. Tembe haitafika kwa wakati, dada. Nikubalie."

Phanice bado alikuwa ameuvuta mguu. Hapo Mwelu akapiga magoti kando ya kitanda, na kofia yake ya kanisa, akaushika mkono wa yule mtoto.

"Phanice, kubali."

"Wewe... ulisema nina jicho."

"Nilisema upuuzi. Kubali sindano, upate pumzi, halafu unigombeze vizuri. Saa hii hata kunigombeza hutaweza."

Nadhani ni kule kukaribia kucheka ndiko kulikomlegeza. Akaunyoosha mguu. Tryphena akamdunga pajani, akamwekea hewa ya mtungi usoni, akasimama pale pale akitazama saa na kifua. Muda mfupi tu ule mlio ukaanza kupungua, kama birika linaloondolewa motoni. Wakamwongezea dawa nyingine, wakasema hatatoka mpaka jioni, kwa sababu uvimbe wa namna hii huweza kurudi mtu akidhani umekwisha.

Pumzi ilipotulia, Tryphena akavuta kiti. "Sasa. Amekula nini?"

"Maziwa tu," nilisema. "Hana jino la kutafunia. Wiki nzima ni maziwa, na vivimbe."

"Basi ni mzio wa maziwa. Ayaache kabisa."

Neno mzio nalipenda. Nililikuta kwenye kamusi zamani za madarasa ya jioni, na ni mara chache kupata mahali pa kulitumia. Watu wote husema aleji. Lakini siku ile halikunipa raha, kwa sababu Phanice alikuwa anatikisa kichwa tena.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti iliyoanza kufanana na yake. "Nakunywa maziwa tangu utotoni. Mjini nanunua paketi kila siku. Sijawahi kuwashwa."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mable, vitenge viwili bado begani, akihema. Alimkagua bintiye kutoka unyayo hadi utosi, kisha akatugeukia sisi. "Mmemdunga? Huyu hadungwi sindano!"

"Kwa nini hadungwi, mama?" Tryphena aliuliza.

"Alipokuwa mdogo, bado hajaanza shule, aliugua koo. Akadungwa. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa amevimba kama andazi, mwili mzima vivimbe. Daktari akasema asipewe tena. Tangu siku hiyo nimemfundisha: wewe sindano hapana, omba tembe."

"Unakumbuka ilikuwa sindano ya dawa gani?"

"Penisilini. Ili nisisahau, daktari alinitajia mara tatu."

Tryphena akaiweka kalamu chini. "Penisilini," alirudia. "Na wiki hii hakunywa dawa yoyote? Ya jino? Hata kapsuli moja ya kuazima kwa jirani?"

"Hapana," alisema Phanice. "Za maumivu tu, zile ninazotumia siku zote."

Mimi nilikuwa nimemgeukia Mwelu. Mwelu alikuwa anatazama viatu vyake. Nilijua anachokipima. Kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa kwamba maziwa yanamwagwa. Akisema, ataonekana mwongo mbele ya mama mkwe wa mwanawe, na Mable si mtu wa kulitunza neno kimya. Asiposema, Phanice angetoka pale ameambiwa aogope maziwa, na kesho angekaa kwenye kiti cha daktari wa meno akaomba tembe, kwa roho safi kabisa, tembe za dawa ile ile.

Nilifungua mdomo. Mwelu akanizuia kwa mkono.

"Ni ng'ombe wangu," alisema. "Tausi. Kiwele kilivimba, anatibiwa na hiyo dawa. Daktari wa mifugo alisema nimwage. Sikumwaga."

"Yaani," Mable alianza polepole, "mtoto wangu umekuwa ukimnywesha dawa ya ng'ombe?"

"Nimekuwa nikimnywesha."

"Kwa kikombe?"

"Kwa kikombe, na kwa bakuli la uji. Asubuhi na jioni. Hata mimi nimekunywa, na huyu mzee pia, tukadhani kwa kuwa sisi hatukudhurika basi hakuna mtu wa kudhurika. Niseme tu, Mama Phanice. Nimekosa."

Mable alivuta pumzi ya mtu anayejiandaa kuhutubia, lakini Phanice akashika ncha ya kitenge chake. "Mama, hata wewe ulinifundisha niombe tembe," alisema. Mable akaiachia pumzi bila hotuba, akakaa.

Ndipo Tryphena akatufundisha, nami naandika hapa nilivyoelewa. Hakuna mwili unaokataa sindano. Sindano ni chuma na plastiki. Kinachokataliwa ni dawa iliyomo. Kwa hiyo dawa hiyo ikiwa ya kudungwa, ya kumeza, ya maji ya watoto au iliyochanganyika na maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa, ni yule yule adui kabadilisha shati. Kuchemsha hakumwondoi. Tena ana ndugu. Amoksilini ni ndugu, ampisilini ni ndugu, na zile kapsuli za rangi mbili ambazo watu huuziwa dukani bila kuulizwa jina, nyingi ni za ukoo huo. Akasema vipele peke yake si lazima viwe mzio, na kwamba wapo wengi walioambiwa utotoni wana mzio wa penisilini kumbe hawana, au umewaishia. Kwa hiyo baadaye Phanice aonane na mtaalamu wa mzio, athibitishe. "Lakini usijipime mwenyewe nyumbani," alimwambia. "Mpaka mtaalamu aseme, wewe huna habari na penisilini. Kila mhudumu wa afya umwambie kabla hajakushika. Na ukivimba midomo au pumzi ikibana, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri uone."

Phanice alikuwa anahesabu miaka. "Kwa hiyo siku zote nimekuwa nikizikataa sindano za malaria," alisema, "na kesho ningeiomba amoksilini kwa mdomo wangu."

"Ungeiomba, na mtu angekupa," alisema Tryphena.

Mwelu akauliza swali lake, kwa unyonge ambao sijauona tangu siku ya harusi yetu. "Daktari, na kibuyu? Mala imekataa kuganda."

"Mimi natibu watu, mama."

Nikampigia yule daktari wa mifugo. Nilimweleza yote, maana siku ile ilikuwa ya kueleza yote. Alitugombeza kwanza, kwa haki, kisha akasema haraka kama mtu anayesoma tangazo: maziwa huganda kwa kazi ya vijidudu vidogo vizuri, na dawa ile haichagui, inaua vibaya na vizuri pamoja. Maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa yakikataa kuganda, ni dawa hiyo inajitangaza. Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika. Kila mtu akasikia.

Mwelu akamgeukia Phanice. "Basi jicho lilikuwa la Tausi," alisema.

Hapo ndipo Phanice alipocheka, akashika shavu kwa maumivu, akacheka tena.

Jino lilisogezwa mpaka Alhamisi. Muasya alikuwa bado mbugani, kwa hiyo tulimpeleka sisi kwa pikapu ile ile ya jirani, na Mable akatukuta pale. Phanice aliketi kwenye kile kiti kirefu, na kabla daktari wa meno hajavaa glavu akasema kwa sauti ya kusikika, "Nina mzio wa penisilini na jamii yake yote, ya kudungwa na ya kumeza. Sindano ya ganzi sina neno nayo." Daktari akaandika, akamshukuru, akachagua dawa ya ukoo mwingine. Gego likatoka.

Akatoka na pamba mdomoni, hawezi kusema neno. Kwenye dirisha la dawa mhudumu akamuuliza, "Una aleji yoyote?" Phanice akanyoosha kidole kwa Mwelu. Mwelu akajibu, akaanzia kwenye kiwele cha Tausi, na foleni nzima ikapata elimu.

Nje ya lango Mable akasema bintiye aende kwake mpaka kidonda kipone. Voi ni karibu na hospitali. Ilikuwa ni hoja nzuri. Mwelu hakubisha. Alisimama tu akishika mkoba kwa mikono miwili. Phanice aliwatazama wote wawili, kisha akatembea mpaka kwenye pikapu, akafungua mlango, akakaa ndani, akafunga mkanda.

"Basi kesho nakuja kumwona," Mable alisema. "Na nitaonja chai mwenyewe kabla ya mtoto."

"Karibu," alisema Mwelu. "Ila itakuwa ya paketi."

Kwa maana hakuna aliyejua ni lini daktari wa mifugo angeyaruhusu maziwa ya Tausi, na Mwelu aliapa hatabahatisha hata tone. Tukasimama kwenye duka kubwa karibu na stendi. Mke wangu, ambaye hajawahi maishani kununua maziwa, ambaye huwaita wanunuzi wa paketi watu wasiojua mama yao, aliingia mwenyewe, akatoka na paketi sita zilizofunikwa kwa kabichi za Bura. Njia nzima aliukumbatia ule mkoba kama mwizi.

Tulipofika, Katuku alikuwa langoni. Alimsalimia mgonjwa, akamsalimia mzee, akautazama mkoba. Kabichi moja ilikuwa imeteleza.

"Mama Muasya! Maziwa ya paketi? Wewe?"

Nilimwona Mwelu akiinua mkono kuifunika ile paketi. Halafu akaushusha. Akaitoa paketi, akaiinua juu, mahali ambapo hata wapita njia wangeiona.

"Ya dukani, dada yangu. Nilikwambia namwaga ya Tausi, nilikudanganya, nikamnywesha mtoto wangu dawa inayomuua. Na lile neno la jicho nalirudisha. Mala ilikataa kwa sababu ya dawa. Ukienda kulisimulia, na najua utalisimulia, lisimulie lote, usiache hapo kwenye paketi."

Katuku akasogea aione paketi vizuri. Akauliza tu, "Hata ya kuchemsha?"

"Hata ya kuchemsha."

Phanice, pamba mdomoni, alichukua mkoba kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, akaingia nao jikoni, na tukasikia sufuria ya chai ikitua motoni.